Nyekundu Iliyobaki kwa Bibi

Katika ofisi ya ramani ya kampuni ya umeme kulikuwa na kompyuta mbili zilizokaa meza moja bila kuelewana. Ya kwanza walikuwa wakiiita Bibi. Ilikuwa kuukuu, nzito, feni yake ikikoroma tangu asubuhi hadi jioni, na ndani yake mlikuwa na habari za kila kebo iliyolala chini ya ardhi ya mji ule: namba yake, ilikoanzia, ilikoishia, kina chake na hali yake. Ya pili waliiita Mjukuu. Hiyo ilikuwa nyembamba na nyepesi, na ilikuwa na programu ya kuchorea ramani. Bibi alijua kila kitu lakini hakuweza kuchora hata mstari mmoja. Mjukuu alichora hadi ukapenda, ila hakujua lolote mpaka aambiwe.

Aliyekaa katikati yao kama mkalimani alikuwa mchoraji ramani, mwanamke waliyempachika jina la Rula. Jina lenyewe alilitafuta. Hakuwa mtu wa kukubali kitu kabla hajakipima, na picha ya ukutani ikiinama kidogo tu, chai yake haishuki.

Kazi ya kuwasemesha Bibi na Mjukuu ilimtoa jasho. Mara ya kwanza Bibi alipotema habari zake na Mjukuu akazimeza, nguzo zote za mji zilirundikana kona moja ya ramani kama kuku waliomwona kipanga, kwa sababu kwenye tarakimu za vipimo Bibi alitumia mkato pale ambapo Mjukuu alitaka nukta. Rula akarekebisha. Mara ya pili majina ya mitaa yakakatwa mikia. Akarekebisha. Mara ya tatu akahesabu mistari iliyotoka kwa Bibi, akahesabu iliyoingia kwa Mjukuu, na hesabu ikawa sawasawa. Hakuna hata mmoja uliopotea njiani. Akachapa ramani ya kwanza, ya eneo la nyuma ya hospitali ya wazazi, ambako ulikuwa uchimbwe mtaro mpya wa maji ya mvua. Akatia sahihi yake, na mhandisi akawapelekea wachimbaji. Siku hiyo Rula alitembea ofisini kifua mbele, na kusema kweli alistahili. Wawili waliomtangulia katika kazi ile waliishia njiani.

Basi wiki iliyofuata, asubuhi, mwenzake wa meza ya pili akamwuliza kitu kidogo tu: kituo cha umeme cha hospitali ya wazazi kilijengwa mwaka gani? Mjukuu hakuwa na habari hiyo. Rula akamgeukia Bibi, akafungua orodha, akashusha macho taratibu. Kidole chake kikagota.

Mstari mmoja ulikuwa mwekundu.

Hapa inafaa tueleze mila ya ofisi hiyo, maana kila nyumba ina mila zake na nyingine zinaua. Kebo ikistaafishwa, Bibi huandikiwa herufi K, yaani kaburi. Haifutwi, kwa kuwa waya uliolala ardhini hauondoki kwa kufutwa kwenye kompyuta. Mjukuu akikuta K, huiweka kebo hiyo kwenye tabaka lake lenyewe, tabaka la Makaburi, na tabaka hilo huzimwa ramani inapochapwa ili karatasi isijae mistari isiyo na kazi. Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini mara moja moja kebo iliyozikwa hufufuliwa. Mpya imeharibika, watu wako gizani, mafundi wanairudishia umeme ile ya zamani kwa muda. Mtunzaji wa Bibi, ambaye sasa alikuwa amestaafu, hakupenda kufuta K kwa jambo la muda. Aliiacha palepale, akaandika neno moja kwenye safu ya maelezo, na akamfundisha Bibi kuugeuza mstari huo wote kuwa mwekundu kwenye kioo. Nyekundu ni mzima aliye makaburini. Ofisi nzima ililijua hilo kama ijuavyo mlango wa choo ulipo, na hakuna aliyeliandika popote. Nani huandika kitu ambacho kila mtu anakiona?

Na rangi haisafiri. Bibi alipotema habari zake alitema herufi na tarakimu, na safu ya maelezo Rula mwenyewe aliiacha nyuma, kwa kuwa Mjukuu hakuwa na pa kuiweka. Kebo ya hospitali ilivuka salama na K yake, ikaenda kulala Makaburini pamoja na maiti wa kweli. Tabaka likazimwa. Ramani ikatoka safi.

Rula akaifungua tena ramani ile. Kebo hai, ya umeme mkubwa, inakatiza mtaro, na kwenye ramani yenye sahihi yake pale pana udongo mtupu. Wachimbaji walikuwa wameanza tangu juzi. Na aliyekaa kwenye katapila alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Alijua kwa sababu mama yao alimwambia, kwa ile sauti yake ya kurusha neno kando kama mtu anayewatupia kuku punje. "Mdogo wako kapata kazi nyuma ya hospitali ya wazazi. Anaendesha lile dude la kuchimba." Rula akainuka akatoka nje. Alikuwa na sababu, au alidhani anayo. Baba yao alipofariki, kijana alikuwa kazini mbali, mahali pasipo mtandao. Rula alipiga simu hadi kidole kikauma, akapima mwendo wa safari, akaona hatawahi, akaamua mazishi yaendelee. Kijana alifika akakuta udongo bado mbichi. Maneno aliyomtupia dada yake siku hiyo hayafai kurudiwa. Na Rula, ambaye alikuwa hajalala wala hajapata nafasi ya kulia, akamjibu mbele ya waombolezaji, "Kama ni hivyo, kwangu na wewe umekufa." Tangu hapo hawaivi chungu kimoja. Kijana humtembelea mama, anayeishi kwa Rula, lakini saa za kazi tu, baada ya kuhakikisha kwamba dada hayupo.

Rula aliingia kwa mhandisi bila kubisha hodi. Mhandisi alikuwa mtu mwema, mnene wa mashavu, na nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Subiri.

"Mhandisi, wachimbaji wa mtaro wasimame sasa hivi. Kebo ya hospitali ya wazazi iko hai, na kwenye ramani haipo."

"Haipo kivipi? Si uliniambia hesabu imetimia?"

"Imetimia. Ramani ndiyo mbovu. Ni ile nyekundu ya Bibi, haikuvuka."

Mashavu ya mhandisi yalilegea. Yeye naye alikuwa akiiona nyekundu ile kila siku. "Subiri kwanza," alisema. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Izime hiyo kebo, nakuomba."

Akainua simu, na tumpe haki yake, aliinua upesi kuliko kawaida. Akaongea na hospitali. Rula alimtazama usoni, akaona jibu kabla halijatamkwa. Kulikuwa na mama mezani, anapasuliwa, na jenereta ya hospitali ilikuwa imefunguliwa na fundi, vipande vyake viko sakafuni. Kuzima kebo ni kuwazimia taa madaktari wakiwa na kisu mkononi.

"Siwezi," mhandisi alisema. "Subiri wafunge jenereta. Subiri kidogo tu." Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, subiri yake ilikuwa na sababu, na ndiyo siku isiyofaa kusubiri.

Rula akapiga simu kwa kampuni ya wachimbaji. Karani akapokea, mpole kabisa. Msimamizi ameenda kuchukua mabomba, simu yake haipatikani. Nani yuko mtaroni? Yuko dereva wa katapila na mshika bendera. Ana namba ya dereva? Karani alipoanza kuitaja, Rula alimkatiza. Namba hiyo aliijua kwa moyo.

Akampigia. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa mapema zaidi. Akaandika ujumbe kwa vidole vilivyokosa herufi, ACHA KUCHIMBA KUNA UMEME, akautuma, akabaki kuutazama kama mtu anayetazama chungu kisichochemka. Haukusomwa.

Ikabaki njia moja. Akampigia mama yake.

"Mama, mpigie mwanao sasa hivi. Mwambie azime mashine, chini yake kuna umeme."

"Umeme gani tena, mwanangu? Hujambo kwanza?"

"Mama! Atakufa. Mpigie!"

Mama hakuuliza la pili. Rula alishuka ngazi huku ameikamata simu, akafika barabarani, na pikipiki ya kwanza aliyoiona akaipanda kabla dereva hajasema bei. "Hospitali ya wazazi, upande wa nyuma. Kimbiza, kaka." Walikuwa wamepita mzunguko wa barabara simu ilipoita. Mama alikuwa analia.

"Nimempata, lakini hakunipa nafasi. Nilipotaja jina lako tu, akasema, 'Mama, leo sitaki suluhu. Mwambie aliyenizika asinipigie simu kaburini.' Akakata. Sasa haipatikani. Mwanangu, mmefanya nini nyie?"

Rula akamhimiza dereva aongeze mwendo. Upepo ulimtoa machozi, au aliamua kwamba ni upepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa wawili walikuwa wameficha yao kwa ubishi hadi yakaota mizizi. Kama angepiga simu moja baada ya mazishi! Moja tu, ya kusema pole. Leo kijana angepokea simu yake kwa mlio wa kwanza.

Alilisikia katapila kabla hajaliona. Bado lilikuwa linanguruma. Kwamba lilinguruma ilimaanisha bado yu hai, na kwamba bado anachimba, na Rula alishukuru na kuogopa kwa pumzi hiyo hiyo.

Mtaro ulinyooka nyuma ya ukuta wa hospitali, udongo umerundikwa kando. Mshika bendera, mwanamume mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alimzuia.

"Dada, hapa hapapitwi."

"Kuna kebo ya umeme mbele ya mashine hiyo. Mwambie asimame!"

"Ramani tunayo, dada. Hapa ni udongo mtupu."

"Ramani nimeichora mimi!"

Akamsukuma, akainama chini ya utepe. Ndani ya kibanda cha katapila aliuona uso wa mdogo wake, vizuia kelele masikioni, na akaona wazi kwamba naye amemwona. Kijana aligeuza shingo upande wa pili. Mkono wa mashine ukapanda, kijiko kikiwa wazi, meno yake yakidondosha udongo.

Rula alitazama kona ya ukuta wa hospitali, akatazama nguzo ya taa, akapima kwa jicho lile lile ambalo watu walilifanyia mzaha. Kebo inapita hapa. Akateleza hadi chini ya mtaro, viatu vikajaa udongo, akasimama mahali ambapo kijiko kingeshuka. Aliogopa kebo iliyokuwa chini yake, aliogopa chuma kilichokuwa juu yake, na zaidi ya vyote aliogopa kwamba hasira ya yule kijana huenda ni kubwa kuliko alivyodhani.

Kijiko kilining'inia. Kisha kikarudi nyuma taratibu, na mngurumo ukakatika.

"Una wazimu?" Kijana aliruka chini, amewiva kwa hasira. "Umeshindwa kunipata kwenye simu ndiyo unakuja kujiua kazini kwangu? Nikikuponda hapo, mama nitamwambia nini?"

"Usiteremke huku. Chini yangu kuna kebo, na ina umeme."

"Kebo!" Akachomoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa ovaroli, akaikunjua mbele ya uso wake. "Hii nini? Soma. Hapa hakuna kitu. Na sahihi hii ya nani? Si yako? Nilipoiona hii sahihi nilisema, hata kama simpendi, huyu akisema hakuna, hakuna. Nimechimba bila wasiwasi kwa ajili ya hii."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi yote ya siku ya mazishi. Rula alifungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kumsikia akilisema neno lililofuata, na baadhi yao walidhani hana.

"Nimekosea."

Kijana akaishusha karatasi.

"Niliihamisha kutoka kompyuta ya zamani. Kila kitu kilivuka isipokuwa rangi, na rangi ndiyo iliyokuwa inasema kebo hii ni hai. Sikukumbuka. Nimekosea mimi, si mashine. Usichimbe, mdogo wangu. Kwa mkono tutazame kwanza. Nikiwa mwongo, nitukane utakavyo."

Mshika bendera alikuwa amefika ukingoni, akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Kijana alisimama, taya zikicheza. Kisha akaenda nyuma ya mashine akaleta koleo lenye mpini wa mti, akamwonyesha dada yake kwa kidole. "Toka. Panda juu." Rula alipanda. Alitaka kumzuia asishuke yeye, lakini alijua hatazuilika, akabaki kusema, "Taratibu. Usipige. Kwangua tu."

Kijana alikwangua. Udongo ukatoka, mwekundu, laini, kisha mweusi wenye mawe madogo. Hakukuwa na kitu. Akasogea kidogo, akakwangua tena. Mshika bendera alitazama jua, akamtazama Rula, na Rula akaanza kufanya hesabu upya kichwani. Je, kama ni pale mbele? Je, kama Bibi naye alidanganya? Wangapi watamcheka? Akaona ajabu: alikuwa anaomba aonekane mjinga. Kama hakuna kebo, basi hakuwa amemweka mdogo wake juu ya kifo siku nzima ya jana na juzi.

Koleo likagota. Sauti yake ilikuwa kavu.

Kijana aliweka koleo pembeni, akapiga magoti, akapangusa kwa viganja. Likatokea tofali, na la pili limelala kichwa kwa kichwa nalo, na la tatu, mstari mzima unaokatiza mtaro kutoka upande hadi upande. Ndivyo mafundi wa zamani walivyofunika kebo, ili atakayechimba aonywe. Tofali la kati lilikuwa limemegeka kona. Mmego wenyewe ulikuwa mpya na safi, na ndani yake palikuwa na alama ya jino la kijiko.

Kijana aliweka kidole ndani ya ile alama, akakitoa. Akainua macho kuangalia kijiko kilichokuwa kimening'inia juu, akashusha tena kwenye tofali. Lilikuwa limebaki pigo moja. Alitambaa nyuma kwa makalio hadi mgongo ukagusa ukuta wa mtaro, akamwambia mshika bendera, kwa sauti ambayo haikuwa yake, akawafukuze watu wote waliokuwa wanapita kando. Rula alichuchumaa ukingoni, akainamisha kichwa, na kilio alichokibana tangu kifo cha baba yao kikamtoka palepale, mbele ya mtu mwenye kofia kubwa.

Aliponyanyua uso, mdogo wake alikuwa amepanda, ameketi karibu naye, si karibu sana.

"Ziko ngapi nyingine?" aliuliza. "Kebo kama hii, kwenye ramani zako."

"Sijui. Ramani iliyotoka ni hii moja. Ninarudi sasa, nazipitia zote kwenye kioo cha Bibi, moja moja. Haitatoka karatasi nyingine mpaka niandike hiyo nyekundu kwa maneno."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Akaikunjua ramani gotini, akaokota kipande cha tofali kilichomegeka, akaangalia kona ya ukuta, akaangalia nguzo ya taa, kama dada yake alivyofanya. Kisha akakikandamiza kwenye karatasi, akavuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Ulikuwa mnene, umepinda, mwekundu. Ulipita juu ya sahihi.

"Shika," alisema. "Umepinda, najua utakuuma."

Rula aliutazama mstari ule, na kwa mara ya kwanza hakutafuta rula. Simu yake ikaita mfukoni. Mikono yake ilikuwa na udongo, simu ikamponyoka ikaangukia nyasi. Kijana akaiokota, akasoma jina, akakaa nayo kidogo, kisha akapokea.

"Mama, ni mimi."

Kisha sauti ya mama ikaja kwa kasi, juu chini, hata Rula akaisikia bila kuyashika maneno.

"Ndiyo, simu ni yake. Yupo hapa, mzima. Na mimi mzima. Usilie, mama." Alimtazama dada yake, akatazama mtaro, na tofali lililokuwa limemegeka. "Jioni ninakuja. Hapana, mama, sijali anarudi saa ngapi. Nitamsubiri."